Sultani Aliyekataza Kuvua

Palikuwa na sultani mmoja, jina lake Badawi, aliyependa samaki kuliko alivyowapenda ndugu zake. Siku moja aliletewa samaki mmoja, changu mdogo. Akamtia mdomoni, akameza, akauliza, "Haya, na samaki yuko wapi?"

Waziri akamweleza kwamba mwamba wa baharini wanakovua watu umechoka. Watu wanavua hata samaki ambao hawajazaa. "Ukipumzishwa, bwana, samaki watazaa na kunenepa."

Hilo lilikuwa neno la maana. Lakini Sultani Badawi hakujua kufanya jambo kidogo. Akapiga mbiu: mwamba wote umefungwa, mwaka mzima, hakuna kuvua. Atakayevua, jela.

Watu wakala muhogo kwa chumvi. Chumvi ilipokwisha, wakala muhogo kwa muhogo. Ila ngalawa ya jikoni kwa sultani iliendelea kutoka kila siku. Ilikwenda, eti, kuwahesabu samaki. Iliwahesabu baharini, ikawaleta, wakahesabiwa tena sahanini.

Sasa, mjini humo alikuwapo mjane aitwaye Mize, mchokoa pweza, mwenye watoto watatu na ulimi mmoja uliowatosha wote wanne. Alivumilia mwezi mzima, watoto wakilala na njaa. Kisha siku moja maji ya bahari yalipokupwa, akachukua mchokoo, ile fimbo ya kumtolea pweza shimoni, akaenda mwambani. Askari akamkamata Mize. Pweza akamkamata askari. Wote watatu wakafikishwa barazani.

"Wewe mwanamke, umevua!" sultani akanguruma.

"Sikuvua, bwana. Nimechokoa. Pweza huchokolewa."

"Usinichezee maneno! Kuvua ni kuvua! Kadhi, andika: ni marufuku kuvua kitu chochote!"

Kadhi, mzee Nofli, akaandika.

"Chochote kabisa, bwana?" Mize akauliza.

"Chochote!"

"Na mtu yeyote?"

"Yeyote! Hata mimi!"

Kadhi akaandika na hilo.

"Bwana," Mize akasema, "mimi sikatai mwamba upumzike. Juzijuzi, kabla ya mbiu, nilichokoa pweza mdogo hata nikamwonea haya, nikamrudisha kwao. Lakini mwamba mzima, mwaka mzima? Samaki watanenepa, sisi tutakonda. Mwakani wao ndio watakaokuja kutuvua sisi."

Watu wakacheka. Sultani hakucheka. "Apelekwe jela!"

"Nipeleke, bwana. Ila huko jela uniwekee na wewe nafasi. Jioni ukienda kuoga, hiyo kanzu utaivua, au utaichokoa?"

Kadhi akafungua daftari lake, akalitazama, akalitazama tena. "Bwana... imeandikwa *chochote*."

Hapo sultani angecheka tu, mambo yangekwisha. Lakini kiburi kilimkaa kooni. "Basi sivui!" akasema. "Mwaka mzima sivui! Na siku nitakayovua mimi, ndiyo siku mtakayovua ninyi. Andika! Na huyu mwachieni aende zake, nataka ashuhudie kwa macho yake."

Mize akarudi nyumbani, akawapikia wanawe muhogo, akangoja.

Watu wengine walivua nguo majumbani mwao, nani angewachungulia? Lakini sultani alikuwa na watumishi kumi na wawili, na kila mmoja alikuwa na macho mawili na mdomo mmoja mkubwa.

Siku ya kwanza alilala na joho la sufu, kilemba na viatu. Siku ya tatu akajikuna mgongo kwa mwiko wa pilau. Siku ya tano mkewe akahamia kwa mama yake. Siku ya saba wenye kesi walianza kusameheana mlangoni, ili wasiingie ndani.

Siku ya nane Mize akaitwa. Aliingia kajiziba pua kwa upindo wa kanga. Watu walijaa barazani, lakini wote walikuwa wamesongamana madirishani.

"Mize, mwanangu," sultani akasema kwa sauti ya chini, "hivi haiwezekani tukavua kidogo tu?"

"Kidogo kiasi gani, bwana?"

"Nusu! Nusu nivue, nusu nibaki nayo."

"Ala! Kumbe hata mwamba ungetosheka na nusu. Nusu tuvue, nusu ipumzike. Samaki wakizaa huko wakajaa, watavuka wenyewe kutufuata huku. Na ngalawa ya jikoni kwako isiiguse nusu iliyofungwa, hata kwa kuhesabu."

"Hata kwa kuhesabu?"

"Hata kwa kuhesabu. Au jikune mwaka mzima, bwana, mwiko unao."

Sultani akajikuna, akafikiri, akajikuna tena. "Nimekubali! Kadhi, andika: nusu kuvua, nusu marufuku!"

"Kwa kila mtu, bwana?"

"Kwa kila mtu, na mimi nimo! Umeandika?"

"Nimeandika."

Sultani hakungoja wino ukauke. Joho, huko! Kilemba, huko! Kanzu ikapita juu ya kichwa cha waziri. Kisha, mbele ya watu wote, akashika kamba ya suruali.

"Ishia hapo hapo, bwana!" Mize akapiga ukelele. "Hiyo ndiyo nusu iliyofungwa!"