Kontena la Kijani la Makambako

Nipeni masikio yenu, nami nitawapa kesi. Nimeisimulia mara nyingi, na kila mara wasikilizaji wangu huondoka wakibishana hadi njiani.

Walikuwa wanafunzi watatu wa chuo kikuu kimoja cha Nyanda za Juu Kusini, mwaka wa mwisho, wakisomea biashara ya kimataifa na usimamizi wa uendeshaji: jinsi mali inavyovuka mipaka, na jinsi kazi inavyopangwa isikwame.

Nyamizi alitoka Tabora. Mama yake alikuwa mama lishe karibu na stesheni ya treni, na binti alikua akitazama foleni za abiria wenye njaa. Watu wakikwama mahali, yeye aliona kabla wenyewe hawajaona, na mara nyingi alijua sababu.

Filomena alizaliwa Kitaya, kando ya mto Ruvuma, na nusu ya ukoo wake uko ng'ambo, Msumbiji. Alisema Kireno na Kimakonde kama anavyosema Kiswahili. Akipiga simu, mtu wa upande wa pili asiyemfahamu huanza kwa ukali na kumaliza akimwita dada.

Lwitiko alikuwa mtoto wa Matema, kwenye Ziwa Nyasa. Alizoea kupiga mbizi, na akizama, waliobaki ufukweni walianza kuogopa kabla hajaibuka. Tena alikuwa na sauti. Akisema "Simama!" watu husimama kwanza, maswali baadaye.

Basi mwalimu wao, Dokta Ndelwa, akawapeleka mafunzo kwa vitendo kwenye ghala moja nje ya mji wa Makambako. Mbaazi zilizonunuliwa Msumbiji zilishushwa hapo, zikapembuliwa na kufungwa upya, kisha zikapelekwa bandarini kwenda India.

Asubuhi ile ukungu ulikuwa mzito na baridi inauma. Msimamizi wa ghala, Bwana Mhando, hakutulia. "Meli inaondoka kesho," aliwaambia. "Mzigo huu usipofika, mteja anatafuta mwingine. Nyie tazameni, andikeni, msiguse kitu."

Makontena yaliyotoka Msumbiji yalikuwa yamepangwa kwa mstari, la kijani likiwa la mwisho. Nyamizi alikaa juu ya gunia, akatazama. Kwenye makontena mengine wabebaji waliingia na kutoka wakishusha magunia na kutaniana. Kwenye lile la kijani utani ulikuwa umekwisha. Walitoka polepole, wakashika magoti, wakatema mate. Mmoja wao, jina lake Kasimu, alitapika kando ya ukuta, akaaga kwamba tumbo linamsumbua, akaenda zake nyumbani. Wenzake wakasema ni baridi na njaa. Wakaletewa maziwa, wakanywa.

 Darasani walifundishwa kwamba jambo likitokea mara moja si ushahidi. Basi Nyamizi akasubiri. Bwana Mhando alipowahamisha watu ili kazi iende mbio, wale waliotolewa kwenye kontena la kijani wakaanza kupata nafuu, na wale waliopelekwa huko, wazima kabisa, wakaanza kukohoa. Hapo akainuka.

"Bwana Mhando, si njaa. Ni lile kontena. Kila anayeingia anaumwa, kila anayetoka anapona. Na lina harufu kama ya kitunguu saumu kilichooza."

"Wewe ni daktari?"

"Hapana, lakini—"

"Basi kaa chini, binti yangu. Wabebaji wakichoka huwa wanaumwa wote."

Nyamizi akawaendea wenzake, akawaeleza.

Filomena hakubishana na msimamizi. Aliomba namba ya muuzaji wa mbaazi kwa karani wa ghala, akapiga Msumbiji. Simu ya kwanza haikupokelewa. Ya pili ikapokelewa na mwanamume mwenye hasira, akafoka kwa Kireno kwamba mambo ya mzigo uliokwishauzwa hayamhusu. Filomena akamjibu taratibu kwa Kireno kilekile, kisha akageukia Kimakonde, akamuuliza kwao ni wapi. Yule mtu akamtajia kijiji chao. Aliposema tena, sauti ilikuwa imebadilika.

"Dada, lile la kijani lilichelewa mpakani. Tuliogopa wadudu, tukaongeza vidonge vya sumu. Hewa yake inaua. Onyo lilibandikwa mlangoni. Hamkuliona?"

"Mlangoni hakuna kitu, kaka. Mvua zimenyesha njia nzima."

"Kuna mtu ndani?"

Filomena aligeuka kutazama. "Wapo."

"Watoeni! Watoeni sasa hivi, na asiingie mtu mwingine, hata kama anamfuata ndugu yake!"

Filomena alipiga kelele akirudia maneno yale.  Wabebaji wakamgeukia Bwana Mhando, wakingoja amri yake.

"Tokeni!" Ilikuwa sauti ya Lwitiko. "Acheni magunia, tokeni!"

Wakatoka mbio, wakiangushana. Lakini mmoja hakutoka. Aliitwa Mwidadi, na alikuwa ameangukia kule mwisho kabisa, katikati ya magunia, unyayo wake ukionekana kwa mbali. Wenzake wawili wakataka kurudi. Lwitiko akawasukuma nyuma. "Asiingie mtu!" Kisha akavuta pumzi kama anayezama ziwani, akaingia mwenyewe.

 Waliobaki nje walisikia gunia likiporomoka. Wakasikia kitu kikiburutwa. Lwitiko akaibuka akimvuta Mwidadi kwa kwapa, lakini hatua chache kabla ya mlango pumzi ilimwisha, akavuta hewa ya mle ndani kabla ya kuanguka naye nje.

Mwidadi alilazwa, akapona. Lwitiko pia aliruhusiwa kutoka hospitali, ila daktari alimwambia wazi kwamba kile kifua cha zamani asikitegemee tena. Kasimu, yule aliyeaga mapema, mke wake aliporudi kutoka shambani alimkuta kitandani amekwisha kufa.

Baada ya maziko mwenye ghala alikuja kutoka Dar es Salaam. Alimfukuza Bwana Mhando kazi, kisha akamwita Dokta Ndelwa. "Nina nafasi moja," alisema. "Nitamsomesha mmoja wa wanafunzi wako watatu shahada ya pili nje ya nchi. Akirudi, ghala hili na watu wake wote watakuwa chini yake. Niletee jina."

Mwalimu akawakusanya wanafunzi wake, akawaeleza.

"Kama si jicho langu, wangeendelea kushusha mpaka jioni," alisema Nyamizi.

"Uliona, ndiyo," akajibu Filomena. "Lakini Kasimu alitapika mbele yako, ukamwacha aende zake kwa kuwa ulitaka ushahidi. Mimi ndiye niliyejua ni sumu."

"Ulijua kwa sababu niliona! Na wewe yule mtu alikuambia asiingie mtu. Lwitiko alipoingia ulimzuia?"

 "Sikumzuia," akakiri Filomena.

Lwitiko alikohoa kwanza ndipo akasema. "Mnagombania maneno. Mwidadi hakutolewa mle kwa maneno."

"Na kama ungeangukia mle ndani?" Nyamizi akamgeukia. "Wale wawili wangekufuata. Tungezika wangapi?"

 Tangu siku hiyo watatu hao hawajakaa meza moja.

Dokta Ndelwa akaenda Makambako kuwauliza wabebaji wenyewe. Mwidadi akamtaja Lwitiko. Mwingine akasema apewe Filomena, maana bila yeye wasingejua wanachokimbia. Wa tatu akasema Nyamizi, kwa kuwa ndiye pekee aliyewatazama kama watu siku ile. Mjane wa Kasimu alipoulizwa, alisema, "Mtakayemchagua, ndiye atakayesimama mlangoni wanangu wakienda kubeba magunia huko ghalani." Akaingia ndani, akafunga mlango.

Dokta Ndelwa anatakiwa kupeleka jina moja, na mwenye ghala hapokei mawili. Aliyeona, aliyeuliza, na aliyeingia: ondoa mmoja, na Mwidadi naye angezikwa. Ninyi mnaonisikiliza, kalamu ingekuwa mkononi mwenu, mngeandika jina la nani? Na mjane akiwauliza kwa nini, mngemjibu nini?