Birika Lililokauka Mlangoni

Tulieni, kusanyiko la Bwana. Ninyi mnaoajiri na ninyi mnaotafuta kuajiriwa, sogeeni pamoja, wala asiwepo wa kumsukumia jirani yake neno hili.

Mtu mmoja alikuwa na tanuri la matofali mlimani, na mlangoni pake palikuwa na birika la mawe. Baba yake ndiye aliyelichonga, akaacha agizo: kila atafutaye kazi alete tofali alilolifinyanga na kulichoma mwenyewe, lizamishwe majini tangu asubuhi hadi adhuhuri. Likisimama, aingie. Likimomonyoka, aende akajifunze.

Mwana aliipenda sana sheria hiyo, akaitamka harusini na misibani: "Kwangu mimi, tofali ndilo linaloajiri." Lakini Shigela, msimamizi wake wa mlangoni, alikuwa na swali lililotangulia maji: "Wewe ni wa nani?" Aliyetaja ukoo wa mlimani aliingia. Aliyetoka bondeni, ng'ambo ya mto, alirudi na tofali lake kichwani.

Nyamizi wa bondeni alirudishwa misimu mitatu. Mama yake alimfundisha udongo na moto, na nyumba ya matofali ya mama huyo ilikuwa imesimama katika mafuriko mawili. Hakutaka kitu kingine duniani ila kusimama mbele ya tanuri lile kama fundi.

"Dada, wewe huchoki?" Shigela alimcheka. "Udongo wa kwenu ni wa kupandia magimbi."

Manung'uniko yakapanda mlima. Mwenye tanuri akawakusanya wazee, wakajadiliana siku mbili. Huyu alisema watu wa bondeni watengewe nafasi. Yule akasema kutenga nafasi ni kuwadhulumu wenye ujuzi. Sauti zilipanda, ndevu zikatikisika, wala hakuna aliyeinuka kwenda kulitazama birika. Mwishowe wakaafikiana: achukuliwe mmoja wa bondeni, afagie majivu mlangoni, mahali ambapo wapita njia watamwona.

Nyamizi akaitwa, akaja na tofali lake kichwani. Mwenye tanuri alimnyoshea ufagio mbele ya watu wote, uso wake uking'aa kama wa mtu aliyetoka kutoa sadaka.

Nyamizi hakuupokea. "Sikuja kuomba huruma, mzee," alisema. "Nilikuja kuomba maji."

Akaliendea birika. Lilikuwa kavu. Kuku alikuwa akiatamia ndani yake, juu ya majani makavu ya miaka mingi. Watu wakainamisha nyuso, kwa maana walijua: tangu mzee aliyelichonga alipozikwa hakuna tofali lililopimwa pale, la mlimani wala la bondeni. Swali la Shigela lilikuwa limeyanywa maji yote.

Nyamizi akamhamisha kuku pamoja na mayai yake, taratibu. Akachukua ndoo. Mara saba alishuka mtoni, mara saba akapanda, wala hakuna aliyemsaidia, wala aliyethubutu kumzuia. Birika lilipojaa akalizamisha tofali lake, na kando yake akaweka moja kutoka katika rundo lililongoja kujengea nyumba ya ibada. Kisha akaketi ukingoni, akangoja.

Adhuhuri maji yalikuwa mekundu. Mwenye tanuri akakunja mkono wa kanzu yake, akapapasa chini. Pale lilipokuwa tofali la rundo lake, alishika tope. Akapapasa tena, akainua tofali la Nyamizi, likichuruzika maji, wala pembe zake hazikuwa zimelika. Akaligonga kwa kifundo cha kidole, nalo likalia kama kengele. Ufagio ulikuwa bado kwapani mwake.

Wapendwa, je, kuta hizi zinazotuzunguka zilitoka katika rundo gani? Wewe usemaye, "Nachagua ujuzi tu," ni lini birika lako lilikuwa na maji? Usimkabidhi mtu ufagio kisha ukauita haki. Liache lile swali lako la mlangoni, ushuke mtoni leo kwa miguu yako mwenyewe, ujaze birika, kabla masika hayajaja kukupimia.