Mlinzi wa Jabali na Matunda ya Kunguru

Paukwa!

— Pakawa!

Nani huyo ameitikia kwa kupiga miayo? Paukwa!

— Pakawa! Tuko macho!

Mnayo masikio?

— Mawili mawili!

Basi wekeni na moyo hapo, maana ya leo si ya kuchekea. Mimi mwenyewe huisimulia kwa shida.

Hapo zamani za kale, kabla babu wa babu yangu hajaota meno, palikuwa na jabali kubwa, na jabalini waliishi pimbi. Mnawajua pimbi? Vinyama vinene, havina mkia, havina pembe, havina kucha za maana. Kitu kimoja tu walikuwa nacho, nacho ni woga. Woga ule ndio uliowaweka hai.

Angani aliishi Tai. Tai alipenda nyama ya pimbi, na hasa nyama ya watoto wa pimbi, kwa kuwa mifupa yao ni laini.

Kwa hiyo pimbi waliweka mlinzi. Mlinzi hupanda jiwe la juu, wenziwe hushuka majanini kula. Akimwona Tai hupiga mluzi mmoja mkali, fiiii! Wote hukimbilia kwenye nyufa za mawe. Na kila asubuhi kabla ya kula waliimba hivi, mlinzi akiwajibu:

Mlinzi, macho?

Macho!

Juu kuna nini?

Kuna jua tu!

Halafu wakainamisha vichwa, wakala. Na hapa palikuwa na mila yao, isikieni vizuri. Mlinzi akiwa juu, hakuna aliyeruhusiwa kuinua kichwa kutazama angani. Kuinua kichwa ni kumtusi mlinzi. Ni kumwambia mbele ya watu, "Sikuamini." Hata mtoto akichungulia kidogo, alichapwa kibao.

Mlinzi wa wakati huo aliitwa Mndolwa. Alikuwa na mke, Nambua, na watoto watatu: Chambi, Mbelwa, na kitindamimba wao, Tatu. Mndolwa alikuwa mlinzi hodari. Lakini siku moja alipepesa macho, kupepesa tu, na Tai akamchukua ndugu yake wa tumbo moja. Tangu siku hiyo roho haikumkaa. Akilala, anashtuka. Akiletewa chakula, anakisukuma kando. Akipanda jiweni, miguu inatetemeka. Hakumwambia mtu. Mlinzi atamwambia nani kwamba anaogopa?

Kunguru akaliona hilo. Kunguru haoni mengi, lakini mwenye jeraha humwona.

Akatua jiweni. "Kaka Mndolwa, mbona umekonda hivyo?"

"Sijakonda. Ondoka, naangalia."

"Unaangalia au unatetemeka? Chukua hili." Akaweka tunda moja dogo, jeusi. "Litakutoa hofu. Wakubwa wote wanakula."

"Bei gani?"

"Bei? Baina yetu sisi? Bure, kaka!"

Jamani, mkisikia bure, shikeni masikio yenu!

Mndolwa akala tunda moja. Haukupita muda, moyo ukatulia. Miguu ikaacha kutetemeka. Majani yakawa ya kijani kuliko jana, na upepo ukawa kama unamwimbia yeye peke yake. Hata ndugu yake aliyekufa, akamkumbuka bila kuumia. Na siku hiyo Tai hakupita.

Mkisema ni bahati, basi hamjamjua Kunguru. Alikuwa amekwenda kumwambia Tai, "Subiri. Bado hajaiva."

Siku ya pili Mndolwa akala tunda moja, hakusikia kitu. Akala mawili, hakusikia kitu. Akala matatu, ndipo raha ikaja, nayo ilikuwa ndogo kuliko ya jana, ikaondoka mapema. Akamwita Kunguru, "Ongeza!"

"Nitaongeza. Lakini niambie kitu kidogo tu. Mluzi ukilia, watoto wenu hujificha ufa gani?"

Mndolwa akageuza uso. Akili yake ya zamani ilimwambia, usiseme. Lakini mdomo ulikuwa umekauka, na mikono inawasha, na matunda yako pale pale kwenye mdomo wa Kunguru.

"Ule mwembamba, chini ya jiwe jekundu," akasema.

Naona mnanitazama. Mnasema, baba gani huyu? Alikuwa baba mwema! Ndiyo maana nasema ya leo si ya kuchekea.

Siku zikaenda. Kunguru akawa mara analeta, mara haleti. Asipoleta, Mndolwa hutokwa jasho na mwili humuuma. Wingu likipita, analiona ni Tai. Fiiii! Pimbi wanakimbia, hakuna kitu. Kivuli cha tawi, fiiii! Wanakimbia, hakuna kitu. Nzi mbele ya jicho lake, fiiii! Pimbi wakashinda njaa. Na Kunguru akileta, mlinzi hukaa kimya mchana kutwa anatabasamu, na pimbi husema, "Afadhali leo ametulia."

Nyumbani Nambua aliona mengine. Mumewe hali chakula. Halali usingizi. Ameahidi jambo asubuhi, jioni halikumbuki. Mbelwa alimgusa bega tu, baba akamng'ata.

"Baba Chambi, unaumwa?"

"Siumwi."

"Macho yako mekundu."

"Vumbi la jiweni. Kwani wewe ndiye mlinzi?"

Nambua akaenda kwa wifi yake, Mashoi. "Wifi, kaka yako amebadilika. Kesho tuinue vichwa tumwangalie."

Mashoi akaziba mdomo kwa mshangao. "Umtusi mumeo mbele ya jabali zima? Watu watasema nini? Nyamaza, wifi. Ya nyumbani hayatolewi nje."

Nambua akanyamaza. Akanyamaza siku ya kwanza, shingo ikimuuma kwa kutaka kuinuka. Akanyamaza siku ya pili. 

Siku ya tatu Kunguru alileta kishada kizima. Mndolwa akala chote, hata vijiti. Kisha Kunguru akaruka kwa Tai. "Ameiva," akasema.

Chini, pimbi wakaimba:

Mlinzi, macho?

Macho!

Juu kuna nini?

Kuna raha tu!

Wote wakacheka. "Leo mlinzi wetu ana utani!" Nambua hakucheka. Akawasogeza watoto wake karibu, akainama, akatia jani mdomoni, asilitafune.

Mara kivuli kikapita juu ya majani.

Nambua akasubiri mluzi. Kimya.

Kivuli kikapita tena, kikubwa zaidi. Akasubiri. Kimya. Akajiambia, nikiinua kichwa, nimemwaibisha mume wangu. Akajiambia, labda ni wingu. Akajiambia, yeye yuko juu, anaona.

Kivuli kikapita mara ya tatu, kikasimama juu yao.

Nambua akainua kichwa.

Tai alikuwa anashuka, makucha mbele. Na jiweni, Mndolwa alikuwa amekaa anamtazama, macho yamefunguka pima, anatabasamu. Yule aliyeona wingu akaliita Tai, leo alimwona Tai akamwita wingu.

Nambua akapiga mluzi, yeye ambaye hakuruhusiwa. Fiiii! Pimbi wakatawanyika. Watoto wakakimbilia ufa wao chini ya jiwe jekundu. Na penye ufa, Kunguru amesimama, mabawa wazi, ameziba njia! Chambi akapenya chini ya bawa. Mbelwa akapenya. Tatu alikuwa na miguu mifupi.

Tai akamchukua, akapanda naye.

Tatu akalia, "Baba! Baba!" Wakapita karibu kabisa na jiwe la mlinzi. Mndolwa akanyoosha mkono, akapunga. Akaita kwa furaha, jabali zima likasikia:

"Nambua! Njoo uone! Mwanangu anaruka!"

Ngojeni kidogo, nimeze mate.

Tai alikula peke yake. Kunguru alipokwenda kudai fungu lake, alinyonyolewa manyoya ya mgongoni. Lakini yataota tena. Tatu hatarudi.

Jioni matunda yalimtoka Mndolwa kichwani. Akashuka anayumba. Akauliza, "Tatu yuko wapi?" Pimbi wakampa mgongo. Akauliza mara ya pili. Mara ya tatu alimtazama mkewe, akakumbuka. Akaanguka chini, akalia hadi sauti ikamkauka.

Pimbi wakasema, "Afukuzwe!" Mashoi alisema kwa sauti kuliko wote. Nambua akasimama mbele yao.

"Mlimwacha peke yake na hofu yake, mkaita heshima. Mimi nami niliona, nikanyamaza. Tukimfukuza, Kunguru atamlisha hukohuko. Hapandi tena jiweni. Lakini hafukuzwi."

Akamfungia ufani siku saba. Mndolwa alitapika, alitukana, alipiga kichwa ukutani akidai tunda moja tu. Nambua alikaa mlangoni. Wala msidhani alimsamehe. Alikaa tu. Siku ya nane Mndolwa aliomba maji. Mkono wake haukuacha kutetemeka hadi kufa kwake, na mengine aliyokuwa akiyajua hayakumrudia.

Tangu siku hiyo pimbi waliivunja mila yao. Nendeni mkawaangalie majabalini. Mmoja yuko juu analinda, na wanaokula nao huinua vichwa, huyu baada ya huyu. Hakuna anayeona ametukanwa.

Wanangu, ndani ya kichwa cha kila mmoja wenu kuna mlinzi. Ndiye anayekuambia hiki ni moto, hiki ni shimo, huyu ni mwanao. Kilevi hakimuui Tai. Humlevya mlinzi tu, halafu Tai anakuja, nawe unampungia mkono. Anza na kimoja cha bure, utaishia kutoa usichoweza kukirudisha. Na wewe unayemwona wako macho yamebadilika, usingoje kivuli cha tatu kwa kuogopa aibu. Aibu hupona.

Hadithi yangu naitua hapa. Mkiiona tamu, gawaneni. Mkiiona chungu, msinirudishie. Imezeni hivyo hivyo.