Mama Aliyekalia Poti

Alikuwepo mama mmoja, ndugu zangu, aliyekuwa na siku sita tu za kumfundisha mwanawe kukaa kwenye poti.

Siku sita, kwa sababu Jumatatu alikuwa anaanza kazi mahali wanapofungasha parachichi, na mwalimu wa chekechea alikuwa ameshamwambia bila kuzunguka: "Mtoto wa nepi simpokei, mama. Nina watoto ishirini na mikono miwili." Asipopata nafasi ya chekechea, kazi imekwenda. Basi akaenda gulioni, akanunua poti ya plastiki, ya kijani, yenye picha ya bata, akaiweka kwenye kona ya chumba karibu na dirisha.

Mtoto mwenyewe, tumwite Tupo, alikuwa binti wa miaka mitatu kasoro. Aliipenda ile poti sana. Aliivaa kichwani kama kofia. Alimlaza mdoli wake ndani yake, akamfunika shuka. Kuikalia ndiko alikokataa.

"Kaa, Tupo. Kojo litoke."

"Halipo."

"Lipo. Umekunywa uji kikombe kizima."

"Limelala."

Mama angemketisha dakika kumi, angemsimulia habari za bata, wapi. Mtoto angeinuka na poti kavu, angejisogeza taratibu mpaka nyuma ya gunia la mahindi pale mlangoni, na kungekuwa kimya. Wenye watoto mnaujua ukimya ule. Mama akifika, mambo yameshakwisha, yote yako kwenye sketi na sakafuni.

Jumanne ikapita hivyo. Jumatano ikawa hivyo mara nne. Na ulikuwa mwezi wa baridi, nguo hazikauki, kamba imejaa kutoka nguzo hadi nguzo. Jirani yake, mwanamke mwema na mcheshi, akachungulia juu ya uzio.

"Mama Tupo! Hizo ni nguo za mtoto mmoja, au umefungua udobi?"

"Mwenzangu, huyu mtoto amenishinda."

"Amekushinda kwa sababu unambembeleza. Waachie watoto wamwimbie. Siku moja tu! Sisi sote hapa tuliimbiwa, mbona tumekua?"

Mnajua anachokisema. Wengi wetu humu tumewahi kuzungushwa uani na nguo iliyolowa kichwani, wenzetu nyuma wakipiga sufuria na kutuita kikojozi. Naona wengine mnatabasamu. Mnatabasamu leo. Je, siku ile mlitabasamu?

Mama alisita. Halafu akaikumbuka Jumatatu, akakubali. Jioni ile watoto wa pale wakamzungusha Tupo uani mara tatu, sketi yake iliyolowa kichwani ikimdondoshea maji usoni. Tupo hakulia. Alitazama tu mlangoni, aliposimama mama yake, akingoja aje amchukue. Mama hakwenda. Alijiambia kwamba ni dawa, na dawa huwa chungu.

Na dawa ilifanya kazi! Alhamisi haikuanikwa hata sketi moja. "Nilikwambia!" akasema jirani. Ijumaa vilevile. Lakini poti nayo ilikuwa kavu. Kojo Tupo alilimaliza kwa kuibia, huko nyuma kwenye matuta ya kabichi. Haja kubwa haikutoka kabisa. Mpaka Jumamosi asubuhi chakula alikuwa anakikataa, na tumbo limekaza kama ngoma. Mama akambeba mgongoni mpaka zahanati, njia nzima hakukumbuka parachichi wala Jumatatu.

Nesi akalibonyeza tumbo kwa vidole viwili. "Haumwi. Anabana."

"Anabana kwa nini?"

"Wewe ndiye unayeishi naye. Nani amemtisha?"

Mama akaanza kufunga vifungo vya sweta la mtoto, kimoja kimoja, kwa muda mrefu kuliko sweta lilivyohitaji.

"Mpe papai na maji ya kutosha," nesi akasema. "Mpaka kesho isipotoka, mrudishe."

Mchana ule mama alikuwa anafua. Tupo amekaa kizingitini, kipande cha papai mkononi, hakigusi. Mama akanyanyua beseni ili amwage maji. Kandambili ikakanyaga povu. Mguu ukaenda huku, beseni likaja huku, na mama akajikuta amekaa chini kwenye saruji, maji yote yamemmwagikia mapajani. Kuanzia kiunoni kwenda chini hapakuwa na uzi mkavu.

Na uzioni walikuwepo watoto. Mmoja wao, mdogo kuliko wote, bila ubaya wowote, kwa mazoea tu, akapaza sauti: "Kikojoziii!" Wenzake wakadakia. Mfuniko wa sufuria nao ukapatikana, sijui wapi.

Yule mama alikuwa mtu mzima. Alijua ni maji ya kufulia. Hata hivyo uso ulimwaka moto, akabaki amekaa pale pale kwenye saruji. Tangu alipokuwa mtoto hakuwahi tena kuusikia wimbo ule akiwa ameketi katikati yake.

Ndipo Tupo alipoinuka. Alikuja mbio, akasimama kati ya mama yake na uzio, mikono ameitandaza, papai bado amelishika.

"Msimwimbie!" Akarudia. "Msimwimbie mama yangu!"

Watoto wakanyamaza, kwa mshangao zaidi kuliko kwa utii. Tupo akageuka, akainama, akauliza polepole: "Mama, umekojoa?"

Ndugu zangu, mngemjibu nini? Ilikuwa rahisi sana kusema, "Hapana, mimi ni mkubwa, haya ni maji ya nguo." Ilikuwa ni kweli, tena ingemrudishia heshima yake pale pale. Mama alifungua mdomo ili aseme hivyo. Kisha akauona mkono wa mtoto umeshanyooshwa kumwinua.

"Nimelowa, mwanangu," akasema. "Nimelowa chapachapa."

"Si kitu," akasema Tupo. "Njoo."

Akamwongoza ndani. Akamletea kanga kavu, huku nusu inaburuzika sakafuni. Halafu akaenda kwenye kona, akaivuta ile poti ya kijani mpaka miguuni pa mama yake. "Kaa."

Mama akajifunga kanga, akakaa. Magoti yalimfika kidevuni. Tupo akachuchumaa mbele yake, uso kwa uso.

"Limetoka?"

"Bado."

"Limelala. Ngoja tu." Akampigapiga mama yake gotini. "Mimi siimbi."

Hapo machozi ya mama ndiyo yaliyotoka. "Na mimi siimbi tena, Tupo. Wala sitaruhusu mtu akuimbie. Nilikosea. Nisamehe mimi, mama yako."

Tupo akamtazama kwa muda, kama anayekagua nyanya sokoni. Kisha akasema, "Sogea. Zamu yangu."

Mama alisogea upesi mpaka akagonga kichwa dirishani! Akakaa sakafuni, akajifanya anaangalia kabichi huko nje. Kimya. Kimya kirefu. Halafu ikasikika sauti ndogo ya maji kwenye plastiki. Na baada ya hapo, baada ya kukunja uso sana na kumshika mama vidole viwili kwa nguvu, ikashuka mizigo ya siku tatu nzima.

Mama alikuwa na vigelegele vimemjaa kifuani, akavizuia. Aliuliza tu, "Tayari?"

"Tayari." Tupo akainuka, akachungulia ndani ya poti. "Nyingi!"

"Nyingi kweli, mwanangu."

Wakacheka wote wawili mpaka jirani akaja kuuliza kuna nini. Mama akaligusa lile tumbo: limelegea, laini kama unga uliokandwa. Papai likaliwa. Na Jumatatu mwalimu wa chekechea akampokea mtoto asiye na nepi, aliyekuja na poti ya kijani kwapani, isije ile ya shuleni ikawa haina bata.

Mmecheka, na ni vizuri. Sasa tuulizane: katika habari hii, sisi ni nani? Najua tungependa kuwa Tupo. Mimi naogopa kwamba sisi tuko pale uzioni, na mfuniko wa sufuria tumeushika.

Mama yule hakukosea kutaka mtoto awe msafi. Poti lazima iwepo. Hakuna anayefurahia kuishi nyuma ya gunia. Hata utaratibu wetu hapa kanisani wa kumrudisha mtu kundini ulikuwa na nia njema. Mtu ameanguka, jina lake linasomwa, anasimama hapa mbele, anapokelewa. Lakini jina hilo tumekuwa tukilisoma kwa sauti gani? Na wiki nzima kabla yake, kwenye bomba la maji, kwenye mazoezi ya kwaya, tumekuwa tukiimba nini? Kisha mtu asipokuja tunasema moyo wake ni mgumu. Sio mgumu. Anabana. Bwana wetu alipoiona miguu michafu alichukua beseni, akainama chini kuliko wenye miguu yao.

Yuko dada yetu mmoja. Simtaji. Tangu Kwaresima anafika mpaka kwenye miti ile pale nje, anasikiliza wimbo wa kwanza, anageuka. Karatasi ya jina lake ililetwa ili isomwe leo. Asubuhi hii wazee wa kanisa wenyewe wameikunja, wakaitia kwenye jiko la chai. Nimeiona ikiungua, na niwaambie ukweli, nimepumua.

Baada ya baraka tutakwenda kwake, wachache tu. Mwenye kanga kavu aibebe. Anayeikumbuka siku aliyolowa yeye mwenyewe, huyo atangulie. Tutabisha hodi, tutaketi chini, tutangoja.

Na njiani, ndugu zangu, tusiimbe.