Maji ya Magotini

Mafuriko yalipoikata barabara ya Mtondoni, serikali ilitoa fedha za dharura za kukodi trekta la kuvusha watu. Afisa Kipingu akagoma kutia saini fomu.

"Maji ya magotini si dharura," alisema.

Sikuzani, ambaye mama yake alikuwa amekwama ng'ambo, hakubisha. "Njoo nikubebe ukakague mwenyewe, afisa, viatu visilowe."

Akambeba mgongoni hadi katikati, akamtua juu ya kichuguu, akaanza kurudi zake.

"We mama, unaniacha?"

"Si maji ya magotini? Tembea tu."

"Na lile gogo lenye macho mbona linakuja huku?"

"Nalo linaishia magotini, afisa."

Kipingu akakunja miguu. "Sasa mimi narudije?"

Sikuzani akachomoa fomu na kalamu kwenye kilemba.

"Kwa trekta," alisema.