Mabaraza Arobaini ya Kisiwa cha Jivuni

Paukwa!

Mbona mnaitika kama watu wenye njaa? Paukwa!

Pakawa!

Hapo zamani za kale, kisiwani kwetu Jivuni, mlima ulikohoa moto siku tatu, watu wakakimbilia bara. Ulipotulia wakarudi. Nyumba hakuna, visima vimejaa majivu, maji ya kunywa yaletwa kwa mitumbwi. Wakakubaliana kujenga birika kubwa la mawe la kukingia mvua, kabla masika hayajaingia.

Fundi alikuwa mmoja, Shebwana, bingwa wa mawe na bingwa zaidi wa maneno.

"Birika ni jambo zito," akasema. "Jambo zito hujadiliwa. Na mtu hajadili akiwa amesimama."

Basi akajijengea baraza la mawe kwanza. Jirani akataka lake, tena ligusane na la Shebwana, asije akapitwa na habari. Na mwingine. Na mwingine. Mwishowe mabaraza arobaini yakauzunguka mwamba mweusi tambarare ulioachwa na moto, yameshikana bega kwa bega. Nyumba? Hata moja! Ulibaki mwanya mmoja tu, wa baraza la mgeni wa heshima. Huo ulikuwa bado unajadiliwa.

Kunguru akapita. "Shebwana, mawingu yanakuja. Birika liko wapi?"

"Tunajadili."

Kaa akapita, anajifuta majivu machoni. "Shebwana, mawingu yamefika. Birika liko wapi?"

"Tunajadili."

Akaja mkewe, Bi Tima, kikapu cha nguo kichwani. "Shebwana, nasikia ngurumo. Birika liko wapi?"

"Mke wangu, tunaja..."

"Jadilini! Mvua hii ikipita bila birika, mimi nakwenda bara kwa dada yangu, na sirudi. Wenzangu wote wameshafunga mizigo."

Shebwana alimjua mkewe: hatishii bure. Akatafuta neno la kusema, na kwa mara ya kwanza maishani mwake akalikosa.

Katika kimya kile, mbuzi akalia katikati ya mabaraza. "Jamani! Nimezunguka mara tatu, mlango ni huu mmoja tu. Mkiuziba, hata mate yangu hayatoki!"

Shebwana akaruka. "Birika ndilo hili!" Chini ya baraza lake alikuwa ameficha gunia la mwisho la chokaa, alipake baraza liwe jeupe kuliko yote. Akalitoa, roho inamuuma, akaikoroga chokaa na majivu yale yale waliyokuwa wakiyalaani. Wanaume wakamtoa mbuzi, wakaziba mwanya, wanawake wakasiriba nyufa.

"Sasa sisi tutakaa wapi?" akauliza mmoja.

"Simama!" akasema Shebwana.

Kesho yake mvua ikamwagika. Maji yakapanda, yakapanda, yakapanda, hayakuvuja hata tone. Bi Tima akachota kata moja, akanywa, akashusha kikapu. Shebwana akalia mbele za watu, wala hakuona haya.

Huyo ndiye babu wa babu yangu. Maji ya birika lile tunayanywa hadi leo, na ndiyo maana kisiwani kwetu hakuna anayeweza kunyamaza. Paa langu mimi linavuja mwaka wa tatu huu. Tunajadili.

Hadithi yangu naitua hapo. Atakayeibeba, aibebe akiwa amesimama.