Besi ya Mzee Kiboko

Hapo zamani za kale, wanyama walipokuwa bado wana kwaya, vikao na wageni rasmi, palikuwa na bonde lenye bwawa moja, na bwawa lenyewe lilikuwa na Kiboko.

Bwawa lilikuwa la wote. Kisha ukaja ukame, maji yakapungua, na Kiboko akagundua kwamba maji yakipungua, mwili wake haupungui. Akazungushia bwawa miiba, akaacha mlango mmoja, na mlangoni akamweka Fisi. Wengine wote waliambiwa walambe umande.

"Umande ni mwepesi tumboni," Fisi aliwaambia, huku midomo yake ikitiririka maji ya bwawa, chururu.

Nguchiro alikuwa mama wa watoto wengi. Mdogo wao alishinda kutwa akilia kiu, halafu siku moja akaacha. Mama yeyote anajua kwamba mtoto mwenye kiu akiacha kulia, si kwamba ametulia.

Sasa, Nguchiro huyu ndiye aliyekuwa mwalimu wa Kwaya ya Bonde. Kwaya hiyo iliimba amani na haki popote penye ugomvi. Ngiri na Nungunungu walipogombea shimo, kwaya iliwaimbia mpaka wakaona haya, wakagawana shimo. Basi Nguchiro akawakusanya waimbaji, wakaenda kuimba mlangoni pa bwawa. Wakaimba asubuhi, wakaimba mchana, mpaka Kiboko akatoka mwenyewe, mbwata, mbwata, mbwata.

"Mnaimba vizuri," akasema. "Hasa hapo kwenye amani. Amani naipenda sana. Nikilala mchana sitaki makelele."

"Tunashukuru, mzee."

"Ila kuna lile neno jingine. Linaanza na ha."

"Haki?"

"Hilohilo. Linanipa kiungulia. Litoeni. Hivi karibuni nina wageni, tembo wa nyanda za juu. Wanakuja kunivika shada la maua, niitwe Baba wa Amani. Mtawaimbia. Likisikika lile neno hata mara moja, kwaya imekufa, na wewe mwalimu utahama bonde hili pamoja na wanao. Tumeelewana?"

Nguchiro akainamisha kichwa kwa adabu. Nguchiro akiinamisha kichwa kwa adabu, mwangalie sana.

"Neno tutalitoa, mzee. Tatizo letu ni besi. Sherehe kubwa namna hiyo, wimbo usio na besi utapeperuka tu kama unyoya."

"Hamna besi?"

"Tunaye Ngiri, lakini tangu akose maji sauti yake inakwaruza kama kwato juu ya jiwe. Nimezunguka bonde zima natafuta kifua, sikioni." Akakitazama kifua cha Kiboko, kisha akatazama pembeni haraka, kama aliyetazama kisichomhusu.

Kiboko naye akakitazama kifua chake.

"Mimi," akasema, "huwa naimba kidogo. Nikiwa peke yangu. Majini."

"Kumbe ni wewe, mzee? Sisi tulidhani ni radi."

Masikio ya Kiboko yakazunguka kwa raha. "Basi nitawaimbia hiyo besi. Lakini mazoezini siji. Siwezi kupangwa mstari mmoja na Kanga."

"Haifai kabisa. Nitakufundisha hapahapa kwako. Tena besi haina maneno mengi, kazi yake ni kushikilia wimbo. Neno lako ni moja tu: naam."

"Naam."

"Kwa kifua, mzee."

"Naaaam." Bwawa likatikisika, vyura wakaruka ukingoni, chubwi, chubwi.

"Hapo ndipo. Nikiinua mkia, unalitoa. Nikishusha, unanyamaza."

"Na hao wengine wataimba nini?"

"Hao?" Nguchiro akacheka kidogo. "Hao wanajazajaza tu, mzee."

Alipowaeleza waimbaji wenzake, Kanga alivimba manyoya. "Shoga, yaani tunamwimbia huyu?"

"Hatumwimbii. Tunaimba naye."

"Na haki tumeitoa?"

"Neno tumelitoa," akasema Nguchiro. "Shika sauti yako, tuanze."

Siku ya mwisho ya mazoezi, Fisi alitumwa kuukagua wimbo. Akakaa katikati ya waimbaji, akatega sikio la kulia, akachoka, akatega la kushoto. Wimbo ulipokwisha, akakuna shingo.

"Mnaulizauliza sana humu ndani."

"Ndugu yangu, umeagizwa usikilize neno gani?" Nguchiro akamuuliza.

"Haki."

"Umelisikia?"

"Sijalisikia."

"Basi?"

Fisi akafikiri. Fikra zilikuwa hazikai sana kwa Fisi. "Basi wimbo umepita," akasema, akarudi mlangoni kwake.

Siku ya sherehe tembo waliwasili na vumbi lao, wakiongozwa na Bibi Tembo, mzee mwenye macho ya machozi ya karibu. Kiboko akavikwa shada. Akahutubia. Akahutubia tena. Jua likawachoma wote isipokuwa yeye, kwa maana alihutubia akiwa nusu majini.

"Na wimbo mtakaousikia, wageni wangu," akamalizia, "nimeutunga mwenyewe. Kila neno lina jasho langu."

Nguchiro karibu aanguke. Hilo hakumfundisha. Kiboko alikuwa amejiongezea mwenyewe, bure.

Kwaya ikasimama. Lazima ujue kwamba kiboko akinguruma kwa kifua chote masikio yake hujifunga, kama azamapo majini, na huyu hakutaka kusikia mwingine ila yeye. Macho tu ndiyo aliyaacha wazi, yakiukodolea mkia wa mwalimu.

Kanga na wenzake wakaanza kwa sauti laini:

*Amani tunayoimba, je, ina maji ya kunywa?*

Mkia juu. "Naaaam."

Tembo wakatazamana, wakatikisa vichwa kwa kuridhika.

*Bwawa la mababu zetu, je, litarudi kwa wote?*

"Naaaaaam." Hapo Kiboko aliweka na madoido, sauti ikapanda ikashuka.

*Na miiba mlangoni, je, inaondoka leo?*

"Naaaaaaaam." Ikavuma bondeni, ikagonga mlima, ikarudi.

Mkia ukashuka. Bibi Tembo akajifuta machozi kwa sikio.

"Mzee Kiboko, nimetembea sana, lakini mwenyeji wa namna hii sijamwona. Katunga mwenyewe, kaitikia mwenyewe." Akausogelea ukuta wa miiba na mkonga wake. "Tuanzie huku au kule?"

Masikio ya Kiboko yakafunguka. "Kuanza nini?"

"Kuing'oa. Si umesema leo?"

Kiboko akamgeukia Fisi, akamnong'oneza, "Wameimba nini hawa?"

"Haki haikutajwa, mzee," Fisi akamjibu kwa fahari. "Nimesikiliza mwanzo mpaka mwisho."

Nguchiro akasogea, mikono nyuma, sauti ya chini. "Samahani, mzee. Wageni wanasubiri. Niwaambie kwamba wimbo si wako?"

Kiboko akawatazama tembo, wote wakubwa. Akalitazama shada. Akaitazama miiba yake, aliyoipanga kwa upendo.

"Wimbo ni wangu," akasema, kwa sauti nyembamba ambayo hata Kanga hakuwa nayo.

"Kila neno?" akauliza Bibi Tembo.

"Naam."

Na safari hii hapakuwa na aliyeinua mkia.

Tembo wakavuta, kwachu, kwachu, miiba ikang'oka yote. Ngiri alikuwa wa kwanza kujitosa. Kanga hakujali manyoya yake. Hata Fisi alisaidia kubeba miiba, kwa kuwa hakuwa ameagizwa asisaidie. Nguchiro akambeba mwanawe mdogo kwa meno, akamweka ukingoni, akamshikia mkia asizame. Mtoto akanywa, akapumua, akanywa tena, tumbo likawa duara, kisha akapiga kwikwi na kuuliza kama kesho pia wataruhusiwa. "Kesho hatuombi ruhusa," mama yake akamwambia. "Kunywa."

Hadithi yangu imefika ukingoni, ikanawa miguu, na funzo lake ni hili: kabla hujaitikia kwa kifua, sikiliza kwanza umeulizwa nini.